Nyumba ya Mama Wariara

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Naliaka alichukua debe lake na kwenda kuteka maji kwenye bomba la Bondeni, mjini Nakuru. Alipenda kwenda mapema, na si kwa sababu ya bidii. Katika chumba chao kimoja cha landhi, nyumba za wafanyakazi wa reli, walibanana watu wanane: baba, mama, watoto wanne, na binamu wawili waliotoka Kimilili kutafuta kazi, wakakosa kazi na chumba vilevile. Mmoja akijigeuza usiku, wote hujigeuza. Kubeba debe zito hakukuwa jambo kubwa, mradi apate mahali pa kuvuta pumzi.

Njiani alipita kwa rafiki yake, Wariara. Nyumba yao ilikuwa ya udongo, lakini ilikuwa na vyumba viwili, paa la mabati na dirisha la kioo. Baba yake Wariara aliijenga kwa mikono yake, bati moja moja, kila alipolipwa mshahara. Naliaka alilipenda lile dirisha kuliko kitu chochote mjini. Nyumba kama hiyo ilikuwa bahati, maana watu walikuja Nakuru kila siku na nyumba hazikuongezeka. Kodi ilipanda hadi wengine wakawa wanakodi pembe tu ya chumba.

Mwaka huo wa 1953 mambo yaligeuka. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa, na serikali ilikuwa ikiwapakia Wakikuyu kwenye malori na kuwapeleka katika wilaya za kwao, hata waliozaliwa hapa hapa Bonde la Ufa na wasiojua kwingine. Baba yake Wariara alikuwa tayari amekamatwa. Waliobaki waliuza nyumba zao kwa pupa, wote kwa wakati mmoja, na nyumba zilizogombaniwa mwaka uliopita zikawa zinapoteza thamani kila wiki.

Jumatatu Mama Wariara alimwita Naliaka pembeni.

“Mwanangu, mimi siruhusiwi kutoka mtaa huu. Hebu niulizie huko nje kama kuna mtu anataka nyumba. Nikipata pesa yake, huko tutakakopelekwa nitajenga hata kibanda, watoto wasilale nje.”

“Nitauliza, mama,” akasema Naliaka.

Alipotoka shuleni alikwenda moja kwa moja kwa Ogola, fundi cherehani aliyeshonea nguo kwenye baraza la duka la Mhindi. Ogola aliacha kushona papo hapo.

“Nyumba yenye dirisha? Hiyo naijua. Mwambie sitabishana naye bei. Pesa ninayo. Akikubali tu, uniambie, naenda kesho.”

Naliaka alirudi nyumbani mbio, na kwa furaha akamwambia kwanza baba yake, Nyongesa. Nyongesa alikuwa ameketi mlangoni akivua viatu vyake vya kazi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka kuishi kwa kubanana.

“Usimwambie mama yule,” alisema polepole. “Nyamaza kidogo. Nyumba zao zinashuka bei kila siku. Jumamosi nikilipwa nitaenda mimi, na wakati huo atachukua chochote nitakachompa. Wewe hutaki dirisha?”

Alilitaka. Usiku ule aliliota.

Asubuhi Mama Wariara alikuwa akimsubiri kando ya njia, mikono ameifunga kwenye leso.

“Umepata mtu?”

“Bado, mama. Hakuna aliyeuliza.”

Jioni Ogola naye alimwita kutoka barazani, akitaka jibu. Hakuna aliyemtuma Naliaka kusema alichosema. Ulimi wake ulifanya kazi peke yake.

“Wanasema wamekwisha kupata mtu.”

“Haya,” akasema Ogola, akarudi kwenye cherehani yake. Siku iliyofuata alinunua nyumba nyingine upande wa juu wa mtaa.

Alhamisi asubuhi, Naliaka alipofika na debe lake, lori lilikuwa limesimama kando ya bomba. Askari walikuwa wakihimiza watu kupanda. Mama Wariara alibeba kitoto mgongoni na sufuria mkononi. Vitu vingine vyote aliamriwa kuviacha. Wariara alikuwa amekwisha kupanda. Alimtazama Naliaka, macho yamemvimba.

Lori lilipoanza kuondoka, Mama Wariara aliinama juu ya ubavu wa lori na kupaza sauti.

“Naliaka! Asante kwa kutuhangaikia, mwanangu! Mungu akubariki!”

Naliaka alitamani ardhi immeze. Alifungua kinywa aseme, lakini lori lilishika njia na vumbi jeupe likamfunika.

Kabla vumbi halijatulia, watu walianza kuibomoa nyumba. Mmoja alipanda juu kung'oa mabati, wengine wawili walibeba mlango. Dirisha lilivunjwa likiondolewa ukutani, likawa halimfai yeyote. Jumamosi Nyongesa alipofika na mshahara wake mfukoni, alikuta kuta za udongo tu, tayari mbuzi wa watu wanaingia na kutoka. Aligeuka akarudi landhi.

Naliaka hakuweza kula. Mama yake alipomuuliza ana nini, alilia na kueleza yote mbele ya baba yake: jibu la Ogola, uongo wa kwanza, na uongo wa pili ambao ulikuwa wake mwenyewe. Binamu waliinuka wakatoka nje. Nyongesa alitazama sakafu.

“Sikujua lori litakuja mapema hivyo,” alisema. “Bei ilikuwa inashuka tu, Mama Naliaka. Kila mtu aliona.”

“Bei si mvua, Baba Naliaka, hata ianguke yenyewe,” mama akajibu. “Ogola alikuwa na pesa mkononi. Nyumba ilikuwa na bei. Ni sisi tulioishusha, mpaka haikubaki kitu.” Akamgeukia binti yake. Hakuwa na hasira, na hilo lilimwumiza Naliaka zaidi. “Mtu akiwa katika shida akakuamini kumpelekea neno, mpelekee kama lilivyo, hata kama ukweli utakunyima unachokitaka. Ukweli ndio mali pekee aliyokuwa amebaki nayo yule mama, nasi tukamnyang'anya.”

“Nitamwambia lini, mama? Nimwombe msamaha?”

Mama yake alimfuta machozi.

“Hatujui walikopelekwa, mwanangu,” alisema. “Hakuna wa kumwambia.”