Kifua Kinachojua Jumapili

Kila siku baada ya masomo, Kasuku hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipitia kiwanda cha mikate, akaketi juu ya magunia matupu karibu na mlango, akafanya kazi zake za shule huku akimsubiri mama yake amalize zamu. Kasuku halikuwa jina alilopewa na wazazi. Wafanyakazi ndio waliombandika, kwa sababu msichana huyu alikuwa na kipaji cha kuiga sauti za watu. Akimwiga msimamizi anavyogomba, hata waliotoka kugombezwa walicheka mpaka wakashika mbavu. Na mtoto akishajua kuchekesha wakubwa, kumnyamazisha ni kazi.

Kazi ya mama yake ilikuwa kumwaga unga kwenye chekeche kubwa la umeme. Zamani kila gunia lililomwagwa lilitoa wingu, na jioni wafanyakazi walitoka na nyusi nyeupe. Kisha mafundi wakaja kufunga mashine ya kuvuta vumbi. Ilikuwa na mdomo mpana wa bati ulioinamia ukingo wa chekeche, ukaunganishwa na bomba lililopenya ukutani hadi nje, ambako injini yake ilinguruma kutwa nzima. Vumbi likiinuka tu, kabla halijafika puani mwa mtu, mdomo ule ulilimeza. Watu wakazoea, wakasahau hata kwamba upo.

Upande wa pili wa chekeche, kwenye meza ya kukatia unga uliokandwa, alisimama mama mdogo wa Kasuku, yaani mdogo wake mama wa toka nitoke. Waliishi nyumba moja, na mama ndiye aliyemwombea kazi. Mama mdogo alitamani kitu kimoja tu, awe fundi mkuu wa mikate. Mikono yake ilikuwa myepesi kweli. Tajiri mwenyewe, mwenye kiwanda, alikwisha kusema kwamba fundi mkuu akistaafu mwisho wa mwaka, nafasi hiyo haitakwenda mbali na meza ile.

Msimu wa joto ulipoingia, moto wa majiko ulifanya chumba kisikalike. Mama alimwaga unga huku jasho likimwingia machoni. Kasuku akamwonea huruma, akaibeba feni ndogo ya mezani kutoka nyumbani, akaiweka juu ya kreti nyuma ya mama yake. Upepo ulipompiga shingoni, mama alifumba macho kwa raha. Akasema Mungu akuzidishie, mwanangu. Wafanyakazi wote wakamsifu Kasuku kwamba ni mtoto mwenye utu, naye akavimba kichwa siku nzima.

Hazikupita wiki nyingi mama mdogo akaanza kupiga chafya. Chafya zikaleta kikohozi, kikohozi kikaleta kubanwa kifua. Mchana ukisogea, kila alipovuta pumzi ulisikika mluzi mwembamba, kama birika linalokaribia kuchemka. Kasuku akausikiliza mluzi ule vizuri, akaufanyia mazoezi, kisha akautoa mbele ya watu. Walicheka sana. Ndiye aliyembatiza mama yake mdogo jina la Filimbi, na jina likashika kuliko gundi. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha, lakini nani aliwakumbuka wahenga pale?

Mama hakucheka. Yeye aliona aibu, na aibu ikamfanya mkali. Kila jioni njiani alimwambia mdogo wake asimpake matope, kwamba yeye ndiye aliyekwenda kumpigia magoti msimamizi, na sasa watu wanasema ameleta mgonjwa wa kujifanya. Mama mdogo alijibu mara moja tu kwamba hajigonjweshi, kisha akaacha kujibu.

Naye msimamizi alikuwa mtu anayeamini kwamba kila mfanyakazi anazaliwa mvivu na ni juu yake kumtibu. Alisema unga ni chakula, na hajasikia chakula kinachoumiza mapafu. Siku moja, wakati wa mapumziko, alisimama katikati ya chumba akamwita msichana.

"Kasuku, hebu tuambie. Huko nyumbani Filimbi anakohoa?"

Kasuku alijua jibu. Alijua pia kwamba chumba kizima kinamsikiliza, na hapo ndipo shetani alipomkalia ulimini.

"Jioni anakohoa," alisema. "Lakini Jumapili, wapi! Jumapili iliyopita alifua nguo huku anaimba mpaka jirani akamwomba apumzike."

Kiwanda kiliangua kicheko. Msimamizi alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepata alichokuwa akikitafuta.

"Kifua kinachojua Jumapili," alisema. "Hicho si kifua. Hicho ni uvivu."

Mama mdogo alimtazama Kasuku. Hakukasirika usoni, alimtazama tu, kama mtu anayejaribu kukumbuka amemwona wapi. Kasuku akainamia daftari lake na kujifanya anapiga hesabu. Palepale msimamizi alimwondoa mama mdogo mezani, akamkabidhi ufagio, akamwambia afagie chini ya chekeche mpaka uvivu umtoke. Kuhusu ufundi mkuu, asahau.

Akafagia. Unga mkavu uliinuka kwenye miguu yake, mwingine ukamshukia kutoka juu. Siku ya tatu ya adhabu ile, Kasuku alikuwa kwenye magunia yake aliposikia mluzi ukipanda, ukakatika, ukapanda tena. Mama mdogo aliuachia ufagio, akashika mguu wa meza, akakaa chini. Midomo ilikuwa imebadilika rangi.

Mfanyakazi mmoja alipiga makofi. Mwingine alisema leo Filimbi amemshinda Kasuku kwa maigizo. Walisimama wakamtazama, wakingoja achoke kujifanya. Hata mama alimwendea akiwa amekunja uso, akamwinamia.

"Inuka," alimnong'oneza. "Unaniaibisha mbele za watu."

Mama mdogo alifungua kinywa lakini hakuna sauti iliyotoka. Hapo mama alipiga kelele, na vicheko vikakatika vyote kwa pamoja. Walimbeba kwa gari la kusambazia mikate, juu ya kreti tupu, mpaka hospitali.

Daktari alimpa hewa na dawa ya kuvuta. Alipotulia, akawageukia mama na Kasuku waliokuwa wamesimama ukutani, akauliza kazi ya mgonjwa ni ipi, na ni lini anazidiwa. Kisha akauliza swali ambalo Kasuku aliwahi kulijibu.

"Na siku asizokwenda kazini, je? Huwa anakohoa?"

Kasuku aliona kwamba akijibu tena, mama mdogo atafukuzwa na hospitali pia. Lakini daktari alingoja, na uongo haukupatikana.

"Jumapili hakohoi," alisema kwa sauti ndogo. "Jumapili anaimba."

"Basi umenipa ninachokitaka," alisema daktari. "Kifua kikipona siku ya mapumziko na kuugua siku ya kazi, ugonjwa uko kazini. Hii ni pumu ya vumbi la unga. Angekuwa anajifanya, angejifanya hata Jumapili."

Kasuku alilia hapohapo. Hakuna aliyembembeleza. Neno alilolitoa ili achekeshe watu ndilo lililokuwa ushahidi wa mgonjwa, naye alilitumia kumzamisha.

Daktari alimpigia simu mkaguzi wa usalama kazini, na kesho yake mkaguzi akafika kiwandani. Alikuwa mwanamke mmoja mnene asiye na haraka. Tajiri alimpokea kwa maneno mengi: bomba lipo, injini inanguruma, watu wanataka nini tena?

"Kunguruma si kuvuta," alijibu mkaguzi.

Alitoa kichupa cha plastiki ambacho kikiminywa hutoa moshi mweupe usio na moto. Akakiminya juu ya ukingo wa chekeche, pale unga unapomwagwa. Wote walitarajia kuuona moshi ukiingia kwenye mdomo wa bati. Haukuingia. Ulipita mbele ya mdomo ule, ukavuka chekeche, ukaenda kutua juu ya meza ya kukatia, usawa wa uso wa mtu. Mkaguzi akarudia. Moshi ukafuata njia ileile.

Mkaguzi aligeuka kutafuta upepo unatoka wapi, lakini Kasuku alikwisha kuona. Alitembea mbele ya wote, akaizima feni yake.

"Niliileta mimi," alisema.

Mkaguzi akaminya kichupa kwa mara nyingine. Safari hii moshi ulijikunja, ukaingia wote kwenye mdomo wa bati, usibaki hata kidogo. Mama alizitazama nguo zake, ambazo siku zote hizo zilikuwa safi, kisha akatazama meza ya mdogo wake. Akajifunika uso kwa aproni. Mchuma janga hula na wa kwao, na yeye alikuwa amelichuma akiwa amefumba macho kwa raha.

Mkaguzi hakumgombeza mtoto. Aliwageukia wakubwa. Akasema mtoto hawezi kujua kwamba upepo wa feni una nguvu kuliko mvuto wa bomba, lakini mwenye kiwanda na msimamizi ni wajibu wao kujua, na kuupima mvuto huo mara kwa mara. Aliamuru feni zisielekezwe tena kwenye chekeche, joto litolewe kwa madirisha ya juu, na unga ulioanguka ukusanywe kwa mashine au kitambaa kibichi, si kwa ufagio mkavu. Tajiri alitakiwa kulipia matibabu yote. Msimamizi alisema yeye alifuata desturi ya kazi, mkaguzi akaendelea kuandika amri zake.

Kiwanda kikapona. Mama mdogo hakupona. Daktari alimweleza kwamba mapafu yakishaukataa unga hayaukubali tena, hata ukiwa kidogo. Tajiri akampa kazi ya kuuza mikate iliyokwisha kufungwa, katika duka la ng'ambo ya barabara. Kutoka dirishani mwa duka hilo aliweza kuwaona wenzake wakikata unga kwenye meza yake.

Jumapili Kasuku alimkuta uani amekaa kimya, akamwomba msamaha kwa feni, kwa jina la Filimbi, na kwa yale maneno mbele ya msimamizi. Mama mdogo alimsikiliza mpaka mwisho.

"Feni uliileta kwa kumpenda mama yako, na hilo sina neno nalo," alisema. "Lakini nilipougua mlikuwa na macho na masikio, mkayatumia kucheka. Mtu akikwambia kifua kinambana, usimuulize Jumapili alikuwa wapi. Muulize Jumatatu anavuta hewa gani. Hilo ulishike mpaka uzeeke, na ukija kuwa mkubwa wa watu, ulishike mara mbili."

"Nimesikia, mama mdogo. Umenisamehe?"

Mama mdogo alivuta pumzi, polepole, akaitoa.

"Nitakusamehe," alisema. "Lakini si leo. Leo nenda kaoshe vyombo."

Kasuku akainuka, akaenda kuosha vyombo.