Uliyesimama, Keti

Usimkopeshe neno, usiyemjua kwao,
Hulirejesha na meno, liwale uwapendao.

Mchana ule ulianza kama michana mingine ya mwisho wa juma. Mtafsiri alifagia banda lake la video, akapanga viti vya plastiki, akafunga madirisha ili giza likae vizuri. Binti yake alikuwa mbele, kando ya spika, akiunganisha waya wa kipaza sauti. Leo angetafsiri yeye, akiwasemea waigizaji wa filamu kwa kipaza hicho, kwani baba alikuwa amepoteza sauti. Haikukauka wala haikukwaruza. Ilitoweka tu, kama mshumaa uliopulizwa. Daktari alimmulika kooni, akatikisa kichwa. "Mzee wangu, koo lako ni safi kama la mtoto mchanga."

Ugonjwa hakuna, na sauti hakuna.

Filamu ya siku hiyo ilikuwa ile kongwe, isiyo na rangi wala mlio, ambayo mashabiki walikuwa wakiirudia kwa miaka kama wimbo. Bibi harusi aliyezikwa na shela lake anarudi katika karamu ya harusi yake. Anasimama mlangoni. Wageni wanaketi mmoja mmoja, na aliyeketi hainuki tena. Tangu mwanzo hadi mwisho, bibi harusi hafumbui kinywa.

Aliyekuwa mwenye banda, alipomkabidhi Mtafsiri funguo, alimwachia wasia mmoja: "Wote wape maneno. Huyu mwachie kimya chake." Mtafsiri aliushika wasia ule mpaka watazamaji walipoanza kupiga miluzi, wakitaka bibi harusi naye aseme. Ndipo akambania sauti puani, nyembamba, yenye baridi, akamtilia maneno mawili kinywani: "Uliyesimama, keti."

Maji yakimwagika hayazoleki. Maneno yale yalitoka bandani yakaingia mjini. Kinyozi aliyaandika juu ya kiti chake cha kunyolea. Walimu waliyatumia kunyamazisha madarasa. Vijana waliyavaa kifuani, simu zililia kwa sauti ile ya puani, na akina mama walitishia nayo watoto wasiotaka kula. Humo bandani ikawa desturi: bibi harusi akitokea, watu wote husimama, akisema, huketi kwa kishindo kimoja na kucheka. Asiyeketi alikuwa Mtafsiri peke yake. Mwenye kuamuru hakai.

Mashabiki waliingia. Kinyozi alitangulia, uso umepakwa poda nyeupe, kichwani amejitwika kipande cha chandarua badala ya shela.

"Shikamoo, Mzee wa Makaburi! Leo maiti wako umemrithisha mwanao?"

Mtafsiri alicheka bila mlio.

"Mwache baba yangu," binti alidakia. "Na poda hiyo, hata wafu watakukana."

"Wafu ndio wateja wangu wazuri, dada. Hawalalamiki kichwa kikinyolewa upande."

Banda zima likaangua kicheko. Kicheko kilipopoa, binti alimsogelea baba yake, akanong'ona, "Nikikosea je?"

Mtafsiri alimshika bega, akalibana kidogo. Hakuwa na mtoto mwingine.

Filamu ikaanza. Binti alitafsiri vizuri. Wapishi wakagombana, bwana harusi akajigamba, watu wakashangilia. Kisha mlango wa karamu ukafunguka. Bibi harusi akasimama kizingitini. Banda zima likainuka.

Binti alivuta pumzi. Kipaza sauti kilikuwa bado kiunoni pake. Hakuwa amekiinua.

"Uliyesimama, keti."

Ilitoka kwenye spika. Nyembamba. Yenye baridi. Mtafsiri aliijua kama mtu ajuavyo kiganja chake: ilikuwa sauti yake mwenyewe.

Binti aligeuka, akitabasamu. "Ulijirekodi, baba?"

Mtafsiri alikuwa akitazama pazia jeupe la kuonyeshea filamu. Midomo ile iliyofumbwa miaka yote ilikuwa imefumbuka.

Watu waliketi. Hapakuwa na kishindo. Waliketi polepole, kama nguo idondokayo kambani. Kicheko cha Kinyozi kilikatika katikati. Mikono yake ikatua magotini. Hakuna aliyegeuka. Hakuna aliyekohoa.

"Uliyesimama, keti."

Tabasamu la binti lilibaki usoni, lakini macho hayakuwamo tena. Magoti yake yakaanza kukunjika.

Simama, mwanangu! Mtafsiri alipanua kinywa kwa nguvu zote. Ikatoka pumzi tu. Maneno aliyompa mfu yalikuwa yakivuma bandani. Aliyomtakia mwanawe hayakuwa na pa kupitia.

Akamrukia. Akamtia mikono makwapani, akamgandamiza ukutani. Mwili ulikuwa mzito kama gunia lililolowa. Ukateleza. Akauinua. Ukateleza tena.

"Uliyesimama, keti."

Safari hii magoti yaliyolegea yalikuwa yake.

Alijua hawezi kushindana na sauti ile. Basi aliketi. Lakini aliketi miguuni pa mwanawe, akayakumbatia magoti yake yote mawili, akayafunga kwa mikono, yakanyooka, yakakaa yamenyooka. Juu yake, mgongo wa binti uliegemea ukuta. Sauti ikaita, ikaita. Akazidi kukaza.

Filamu ikaisha. Mwanga mweupe ukajaa bandani.

Binti alipepesa macho kama aliyeamshwa. "Baba?"

Akamgusa bega.

"Inuka, baba. Imekwisha."

Ngozi yake ilikuwa na joto. Macho yalikuwa wazi. Pumzi ilipanda na kushuka, sawa na pumzi ya Kinyozi, sawa na pumzi za wote waliokuwa vitini. Binti alimtingisha, akamwita, akambandua vidole kimoja kimoja. Vilipobanduka, vikatua kwenye magoti ya baba mwenyewe.

Alijikokota mpaka kwenye pazia, alishushe chini lisimtazame tena. Pale palipokuwa na kinywa cha bibi harusi palikuwa na unyevu, mviringo mdogo usiozidi kiganja. Akaugusa. Ulikuwa vuguvugu. Madirisha yalikuwa yamefungwa, lakini mahali pale kitambaa kilikuwa kikivutwa ndani, kikiachiwa, kikivutwa ndani.

Akageuka. Kila kiti kilikuwa na mtu. Baba yake alikuwa ameketi sakafuni. Aliyesimama alikuwa yeye peke yake.