Tundu Kwenye Gazeti

Kila alfajiri, kabla wafagiaji wa barabara hawajaamka, Keziah Tull alikuwa ameshatoka na ndoo yake yenye mfuniko, na glavu moja kuukuu mkononi. Kazi yake ilikuwa kuokota mavi ya mbwa. Usikunje uso, msomaji. Pale Bermondsey, London, wenye viwanda vya ngozi waliyahitaji ili kulainisha ngozi za ndama, zile za kutengenezea majalada ya vitabu na glavu za mabibi wakubwa. Wenye kazi yao hata hawakuyaita mavi, waliyaita "safi". Keziah alikuwa na miaka kumi na miwili, na kazi hiyo aliirithi kwa bibi yake, ambaye magoti yalikuwa yamekataa kabisa kuinama.

Mtoto huyo aliijua kazi. Alijua kwamba mbwa wa bucha, kwa kula mifupa, ndiye anayetoa safi kavu na nyeupe inayopendwa viwandani. Alijua pia kwamba waokotaji wengine hubandua lipu kwenye kuta kuukuu, wakaisaga na kuichanganya ili ndoo ijae upesi. Aliyekamatwa na lipu alifukuzwa, na habari zake zilitangulia kufika viwanda vyote kabla yake.

Miezi miwili nyuma alikuja mtaani msichana wa Kiayalandi, Honora Deasy, na mama yake mgonjwa wa kifua. Honora hakujua lolote, na Keziah akamwonea huruma. Akamwonyesha vichochoro, akamwonyesha na mbwa wa bucha. Ni rahisi kumpenda mtu ambaye hajakuzidi kitu.

Ndipo akaja bwana wa gazeti. Alikuwa anaandika habari za watu wanaoishi kwa taka za barabarani, na Jumanne nzima alitembea na waokotaji, leso puani. Keziah alimweleza yote, mpaka majina ya mbwa. Honora alizungumza naye kidogo tu pale kwenye pampu ya maji ya mtaani, akiosha mkono wake.

Jumamosi waokotaji walikuta Bwana Ludlow, msimamizi wa kiwanda, amebandika kipande cha gazeti langoni. Akawasomea kwa sauti. Palikuwa na Honora mwenye macho ya kijivu, Honora mpole, Honora ambaye ndoo yake haikuwa na hata punje ya udanganyifu. Kisha, katikati: "Alikuwepo pia msichana mwingine, mwenye maneno mengi."

Watu walicheka. "Kezi, umo gazetini," alisema mzee mmoja. "Wamekusahau jina, lakini mdomo wameuona."

"Kuanzia Jumatatu," Bwana Ludlow alisema, "ndoo ya Honora itapokewa ya kwanza, kwa ngozi zile bora."

Nafasi hiyo ilikuwa ya bibi yake Keziah kwa miaka kumi na tisa, na Keziah alikuwa akiingoja kama mtu angojavyo urithi. Kijiba cha roho kilimkaba pale pale. Usiku hakulala. Kila akifumba macho aliyaona yale macho ya kijivu, akayachukia. Mimi nimefundisha, yeye amesifiwa! Alimwonea wivu hata kwa kikohozi cha mama yake, maana hicho nacho bwana wa gazeti alikuwa amekitaja.

Jumatatu asubuhi Honora aliweka ndoo yake chini, akaenda kwenye pampu kuosha mkono kama kawaida yake. Keziah alikuwa na lipu mfukoni, ameibandua kwenye ukuta wa nyumba iliyobomolewa. Akafunua mfuniko, akatia konzi mbili, akachanganya, akafunika. Alitaka Honora aumbuliwe langoni tu, naye achekwe kidogo.

Lakini langoni hapakuwa na ukaguzi. Siku zote Bwana Ludlow huchota konzi moja kutoka kila ndoo, akaikoroga majini, na lipu kama imo huzama kama mchanga. Siku hiyo alisema, "Hii ya gazetini haina haja ya kukaguliwa," akaimimina yote kwenye pipa la ngozi bora.

Siku ya pili ngozi arobaini za ndama zilitoka ngumu kama mbao. Lipu ni chokaa, na chokaa, inayotumika kuondolea manyoya, ndiyo ile ile ambayo safi ilipaswa kuitoa kwenye ngozi.

"Sikutia kitu, bwana," Honora alisema. "Haki ya Mungu sikutia kitu."

"Toka. Usinikanyagie tena hapa." Bwana Ludlow alibandua kile kipande cha gazeti, akakitupa topeni. "Keziah, nafasi ni yako. Na ndoo zote zitakaguliwa, hata ya malkia."

Keziah aliipata nafasi yake, akaiona haina ladha. Honora alizunguka kiwanda kwa kiwanda. Kote habari ya lipu ilikuwa imeshamtangulia. Alipokutana na Keziah kwenye pampu alisema tu, "Wewe unanijua, Kezi. Waambie." Keziah akajifanya anakaza kamba ya ndoo.

Alhamisi jioni bibi alinunua samaki wa kukaanga kwa mwanamke mmoja auzaye langoni pa kiwanda, ambaye hufungia samaki kwa magazeti makuukuu anayopewa na Bwana Ludlow. Keziah akaikunjua karatasi mezani. Katikati ilikuwa na tundu la mraba, limekatwa kwa kisu. Ndilo lile gazeti alilokata Bwana Ludlow. Habari za waokotaji zilikuwa zimekatwa safu ya kwanza tu. Safu ya pili ilikuwa pale pale, imelowa mafuta.

"Soma basi, nami nisikie," bibi alisema. "Shule ya Jumapili ilikufundisha kusoma ya nini?"

Keziah akasoma, akikanyaga neno moja moja. "Nilimuuliza Honora nani alimfundisha uaminifu huo. Akanijibu, mwandike Keziah Tull, mimi ni mwanafunzi wake tu. Bila yeye mama yangu angekufa njaa."

Akaanza kulia, na kila kitu kikatoka: lipu, konzi mbili, pampu, mfuniko.

Bibi aliacha kula. "Kwa hiyo ngozi arobaini zimeharibika, na mgonjwa hana chakula, kwa sababu wewe hukusifiwa."

"Nikisema watanifukuza, Bibi. Tutakula nini?"

"Sijui. Lakini huyu samaki sasa hivi hanipiti kooni."

Ijumaa asubuhi, mbele ya mstari mzima, Keziah aliweka ndoo chini na kusema alivyotia lipu. Hakuacha neno hata moja.

"Kamlete Honora, umwambie mwenyewe," Bwana Ludlow alisema. "Kisha wewe nisikuone hapa mpaka Pasaka. Makosa ya kutokagua ni yangu, nitayajibu mimi."

Honora alimsikiliza akiwa mlangoni, mama yake akikohoa ndani. "Juzi mama alikunywa maji ya moto, akasema ni supu," alisema. Akachukua ndoo yake, akapita. Alipofika kwenye kona akageuka. "Vichochoro vya kando ya mto mimi sivijui. Kama huna pa kuuza, njoo unionyeshe, nitauza mimi, tugawane. Lakini mkono wangu kuanzia leo nitauosha ndoo ikiwa miguuni pangu."

Keziah akamfuata, ameinamisha kichwa.

Jioni alimkuta bibi ameshika bakuli la gundi ya unga, anabandika lile gazeti ukutani juu ya kitanda cha Keziah, mafuta ya samaki na yote.

"Bibi, kwa nini hilo? Lina tundu."

"Kwa sababu lina tundu." Bibi alilikandamiza kwa kiganja. "Wivu huona kipande kimoja, ukakikata, ukakasirika nacho. Mwenzako akisifiwa, mjukuu wangu, wewe hujapungukiwa hata unywele. Kijiba kikikushika tena, tazama hapa kwanza, ujiulize safu ya pili imesema nini."