Mchangiaji wa Tisa

Karani huyu alikuwa jirani yetu, ukuta kwa ukuta, na hakuwa mtu wa kuogopa vivuli. Paka mweusi akimkatisha njia, alimwambia apite upesi kwa kuwa yeye ana haraka zaidi. Ndiyo maana alipoyasimulia haya, kwa sauti ya chini, mikono ikiwa imezunguka kikombe cha chai kilichopoa zamani, hakuna aliyecheka.

Alifanya kazi benki ya damu ya hospitali. Chumba kidogo, meza moja, kompyuta moja, na feni iliyolalamika mchana kutwa kama mkwe aliyenyimwa heshima. Ukutani palikuwa na dirisha la kioo lililotazama chumba cha kutolea damu, penye kiti kirefu cha kulalia na pazia la kijani. Damu ikihitajika, hakuwa na haja ya kumpigia simu mtu mmoja mmoja. Aliandika barua pepe moja tu, akaituma kwa anwani ya kundi. Huko mitamboni barua ikageuzwa kuwa meseji, ikaingia kwenye simu ya kila mchangiaji aliyejiandikisha. Wakijibu, majibu yalimrudia kwenye kompyuta, moja chini ya jingine: kushoto namba ya simu, kulia maneno.

Kundi O chanya lilikuwa na watu mia nne na ushee. Kundi O hasi lilikuwa na watu tisa. Tisa kwa mji mzima.

Kati ya hao tisa, mmoja hakuwahi kushindwa. Alikuwa fundi redio, kibanda chake ng'ambo ya barabara, mkabala na geti la hospitali. Barua ikitoka, haikupita dakika jibu lake lilikuwa limeingia: Niko njiani. Karani alimtania kwamba ipo siku atajibu kabla hajaitwa. Fundi alicheka, akakunja mkono wa shati, akalala kwenye kiti kirefu kama mtu aliyefika kwake.

Kazi hiyo ilikuwa na sheria moja. Haikuandikwa popote, karani aliyeondoka ndiye aliyemwachia anayeingia. Damu ikishapatikana, tuma barua ya pili. Imetosha. Asanteni. Msije tena leo. Watu wanaacha shughuli zao kwa ajili yako, usiwaache wakimbie bure.

Asubuhi moja ya mvua, wodi iliomba mfuko mmoja wa O hasi. Karani akaandika, akatuma, na skrini ikamjibu kama kawaida: Umetumwa kwa watu 9. Fundi, aliyekuwa ameenda kununua vipuri upande wa pili wa mji, akajibu, Niko njiani. Lakini mwalimu mmoja na dada yake, wote wa orodha hiyo, walikuwa wameshaingia hospitalini kumtazama mgonjwa wao. Walilala kwenye kiti mmoja baada ya mwingine. Mfuko ukajaa, na wa akiba ukajaa. Mtoa damu wa wakati huo, yule mhudumu anayewachoma wachangiaji sindano, akapaza sauti kwamba yatosha. Karani akaitikia sawa. Chai ilikuwa imeletwa, na mwenzake wa mapokezi alikuwa akisimulia harusi ambayo bwana harusi alifika na viatu viwili vya mguu wa kushoto. Walicheka mpaka machozi yakawatoka.

Barua ya pili haikuandikwa.

Lori lilimgonga Fundi kwenye kivuko cha waenda kwa miguu, hatua ishirini kutoka getini. Waliomkimbilia walisema alikuwa amelala chali, macho wazi kwenye mvua, na miguu yake ilikuwa bado inatembea.

Mkubwa wa kitengo alipouliza, karani alisema barua ya pili aliituma. Hakuna aliyekagua. Siku chache baadaye mjane wa Fundi alikuja na swali lile lile, na karani akampa jibu lile lile, macho yakiwa mezani: mumeo aliambiwa asije. Mjane hakubisha. Alinyoosha upindo wa khanga yake.

"Fundi akiambiwa asije, haji," alisema. "Akiitwa, lazima afike."

Alipoondoka, karani alifungua orodha, akaifuta namba ya Fundi. Wakabaki wanane.

Miezi miwili ilipita, mtoa damu akahamishwa, akaja mwingine. Huyu alikuwa baba wa makamo, vidole vyembamba, maneno mengi, aliyejiita Mbu kabla watu hawajapata nafasi ya kumwita hivyo. Wodi ikaomba tena O hasi. Karani akatuma barua. Umetumwa kwa watu 8. Majibu yakaanza kuingia: mmoja yuko safarini, mmoja atafika mchana. Kisha likaingia jibu ambalo upande wake wa kushoto ulikuwa mtupu. Hapakuwa na namba. Kulia paliandikwa: Niko njiani.

Alijiambia ni la zamani. Mitambo nayo hupatwa na kiungulia, hucheua ilichokula mwaka jana.

Wiki tatu baadaye alituma tena. Kushoto patupu. Kulia: Nasubiri magari yapite.

Mara ya tatu ilikuwa asubuhi nyeupe, isiyo na wingu. Nimevuka. Karani akainuka, akatazama nje. Getini hapakuwa na mtu isipokuwa askari, na askari alikuwa amelifungua geti dogo, amelishikilia, amesogea pembeni kama unavyompisha mtu. Alipoulizwa baadaye alisema hajui kwa nini alilifungua. Alihisi tu kwamba kuna anayesubiri.

Tangu siku hiyo karani hakuwaandikia tena watu wa O hasi. Aliwapigia simu, mmoja mmoja, wote wanane. Mbu akapata la kusema.

"Dada, hiyo kompyuta imekukosea nini? Au kuna bwana kwenye orodha unamkimbia?"

Alimjibu kwamba mtandao unasumbua. Mbu akasema mtandao huo mbona unachagua kundi la kusumbua, kisha akaenda zake akipiga mluzi.

Basi ikaja siku ya mdogo wake.

Huyo alikuwa kitinda mimba wao. Mama yao alifariki mtoto hajaanza kutambaa, na karani, binti wa miaka kumi na mitatu, ndiye aliyembeba mgongoni mpaka akaota meno, akaenda shule, akaolewa. Sasa alikuwa wodi ya wazazi, ghorofa ya juu. Saa nane mchana mkunga alishuka mwenyewe, hakutuma mtu. Mtoto ametoka salama, wa kike. Damu ya mama haikatiki. Ni O hasi. Ana saa moja.

Friji ya O hasi ilikuwa tupu, na damu ya karani mwenyewe ilikuwa ya kundi jingine.

Karani alipiga simu. Mwalimu alikuwa amechangia wiki mbili zilizopita, na dada yake ni mjamzito. Wawili walikuwa miji ya mbali. Mmoja alikuwa na homa. Wawili simu zao hazikupatikana. Wa nane alikubali, akasema anatoka sasa hivi. Yuko mwendo wa saa tatu.

Katika ile saa moja zilikuwa zimebaki dakika arobaini na tano.

Aliitazama kompyuta. Wanane wote alikuwa ameshazungumza nao au amewakosa. Barua isingewaongezea kitu. Alilijua hilo. Akaandika: Damu kundi O hasi inahitajika haraka. Akasita. Juu, ghorofani, mtoto mchanga alikuwa akilia. Akabonyeza.

Umetumwa kwa watu 8.

Feni ikasimama.

Kushoto patupu. Kulia neno moja: Nimefika.

Nyuma ya kioo, kiti kirefu kililia kama kinavyolia kikilaliwa. Mbu alikuwa upande wa pili wa pazia. Alisikika akikaribisha, akitania, akitafuta mshipa. Sauti iliyomjibu haikusikika. Karani aliyakaza macho yake kwenye meza. Akahesabu misumari ya meza. Ilikuwa sita. Akaihesabu tena. Chini ya pazia viatu vingeonekana, kama angegeuka. Hakugeuka.

Mbu akaja na mfuko umejaa.

"Mungu mkubwa, dada. Kaja mmoja, ana kadi yake. Damu imetoka kama bomba lililopasuka. Ila mkono wake, we! Barafu. Nikamuuliza vipi, akasema ni hii mvua."

Nje jua lilikuwa likilainisha lami.

"Yuko wapi?"

"Nimemwachia soda. Nimegeuka tu, hayupo. Na mimi nimesimama mlangoni." Mbu alijaribu kucheka, cheko likaishia njiani.

Akaenda kupima. Vipimo vya haraka vyote vilikuwa safi, na damu ilioana na ya mgonjwa kama ya ndugu. Ilibaki saini ya karani, kwani mfuko hautoki bila saini yake. Fomu iliwekwa mbele yake. Namba ya mchangiaji: 41. Aliijua. Kadi ile aliiandika kwa mkono wake mwenyewe. Akaugusa mfuko. Damu iliyotoka mwilini sasa hivi huwa na joto, unaweza kuihisi kwenye kiganja. Hii ilikuwa baridi kama kitu kilichokuwa kimelala chini.

Angeweza kusema. Alikuwa na mdomo, alikuwa na muda wa sentensi moja. Lakini sentensi hiyo ilikuwa na mdogo wake ndani.

Akatia saini.

Mdogo wake alipona. Asubuhi yake karani alimkuta ameegemea mto, mtoto kifuani, mashavu yamerudiwa na rangi. Alimpigia vigelegele vya chinichini ili wasikatazwe na mkunga. Alimkagua mtoto vidole, kumi na kumi. Mdogo wake akamshika mkono, akamvuta karibu, akanong'ona.

"Dada, yule baba ni nani?"

"Baba gani?"

"Aliyekaa hapa miguuni jana, damu ilipokuwa inaingia. Amelowa chapachapa. Mpole tu. Akaniuliza, imetosha?"

Karani akatazama miguuni pa kitanda.

"Ukamwambiaje?"

"Nilikuwa naona giza, dada. Nilikuwa naogopa kufa." Akamfunika mtoto vizuri. "Nikamwambia bado."

Alishuka ngazi bila kuziona. Akaandika: Imetosha. Asante. Usije tena. Umetumwa kwa watu 8. Wanane wakashangaa, mmoja akauliza mbona anafukuzwa hata hajaja. Wa tisa hakuipata. Namba yake alishaifuta kwa mkono wake, na hakuikumbuka.

Akavuka barabara. Mjane alikuwa kibandani, akiuza vipuri vya redio vilivyobaki. Karani hakukaa. Alisimama palepale kwenye vumbi, akasema yote: chai, harusi, kicheko, barua ambayo haikuandikwa, uongo. Akaomba namba. Mjane alisikiliza mpaka mwisho. Hakulia wala hakumtukana, na hilo ndilo lililomkata karani zaidi. Akaitaja namba bila kusoma mahali.

"Simu yake nilimzika nayo," alisema. "Mwandikie. Lakini usiniombe mimi nikusamehe leo."

Karani alirudi, akairudisha namba kwenye orodha. Imetosha. Asante. Usije tena. Skrini ikajibu: Umetumwa kwa watu 9. Akangoja mpaka jua likahama dirishani. Kushoto hapakuingia kitu. Kulia hapakuingia kitu.

Alikuwa anakusanya mkoba wake pale mkunga aliposhuka, safari hii akitembea polepole. Mkononi alishika kichupa cha sampuli. Alisema alipokuwa akitupa mpira uliomwongezea mgonjwa damu, aliona kitu kwenye kichujio, pale damu inapochujwa kabla ya kuingia mwilini. Amefanya kazi miaka kumi na tisa. Huwa anakuta damu iliyoganda. Hajawahi kukuta hiki.

Ndani ya kichupa mlikuwa na chembe tatu za lami na kipande cha kioo cha taa ya gari, kidogo kama punje ya mchele.

Kwenye benki ya damu kila kitu kina lebo. Kichupa hicho hakina, na mkunga hakukiulizia tena. Karani alikiosha kile kioo bombani, akakiosha tena, mpaka kikang'aa. Akakilaza juu ya shashi nyeupe, ndani ya droo, akaifunga kwa ufunguo. Kesho yake asubuhi shashi ilikuwa na doa bichi, jekundu, la ukubwa wa kifungo cha shati.

Akabadilisha shashi.

Mtoto yule sasa anatembea. Karani bado hufika kazini kabla ya wenzake, na kitu cha kwanza anachofanya, kabla hajawasha kompyuta, ni kubadilisha shashi.