Kinyozi wa Kiti cha Pembeni

Muuguzi alifungua mlango wa gari, akaketi, akafunga mkanda, akapeleka ufunguo mbele. Usukani haukuwepo. Palikuwa na kidroo cha kuwekea makaratasi.

Usimcheke. Kwao usukani huwa kulia. Huku wameuweka kushoto, na barabara nayo wameigeuza, kana kwamba nchi nzima inajitazama kwenye kioo. Ilikuwa Jumamosi mchana, maegesho ya duka kubwa yamefurika, na nyuma yake magari matatu yanaitaka nafasi yake kwa honi.

"Mama yangu, usukani umeenda wapi?" akanong'ona.

"Uko hapo kushoto kwako, dada. Labda umechoka kukusubiri."

Dirishani palikuwa na kijana mrefu, shati jeupe limepigwa pasi likapigika, nywele za watu zimemganda kwenye kola. Kinyozi. Kusikia Kiswahili mahali pale, Muuguzi alitaka kucheka, akajikuta analia.

Akamweleza yote. Ofisi yake inatibu wagonjwa majumbani mwao. Imempa gari hili na wiki mbili za kulizoea. Jumatatu baada ya wiki hizo aanze kuzunguka peke yake, wagonjwa tisa kwa siku. Asipoweza, mkataba unavunjwa na anapandishwa ndege kurudi kwao. Na yeye akigusa usukani tu, anatamani kushuka.

"Hilo tu?" Kinyozi akasema. "Nitakukalia pembeni. Barabara za huku nazijua kama kichwa cha mteja."

Basi kila alasiri akawa anajikunja kwenye kiti cha pembeni, magoti yamegusa dashibodi, mdomo haupumziki.

"Kulia, kulia. Kaa kulia, mpenzi."

"Usiniite mpenzi nikiwa nimeshika gia."

"Nikuite nani? Dereva? Hujafika huko."

Muuguzi akitaka indiketa, zinajibu waipa, zinapangusa kioo kikavu. Akiona lori anabana pumzi. Jasho linalowesha gauni lake la bluu la kazini mpaka mgongoni. Lakini mkono wa yule bwana ukiwa karibu na breki ya mkono, moyo wake unarudi mahali pake. Na jioni simu haikosi kulia: "Bibie, umepumzika au bado unapaki?"

Wiki ya pili inaisha, alikuwa hajui anaogopa nini zaidi: barabara, au kile kiti kikiwa kitupu.

Jumapili, siku moja kabla ya kazi, askari wa barabarani akawasimamisha. Kosa lilikuwa kwenda polepole mno. Mzee wa baiskeli alikuwa ameshawapita na kuwapungia mkono. Askari alikuwa mstaarabu. Aliona Muuguzi alivyoung'ang'ania usukani, akashauri kwa lugha ya huko kwamba bwana aliye pembeni ashike usukani.

Kinyozi akatazama viatu vyake.

"Si umesikia?" Muuguzi akasema. "Zunguka uje huku."

"Sina leseni."

"Umeisahau nyumbani?"

"Sina kabisa. Sijawahi kuendesha gari, huku wala kwetu. Mimi ni mtu wa basi."

Askari alirudisha leseni ya Muuguzi haraka, akaondoka. Hata asiyejua Kiswahili aliona yamewaka.

"Wiki mbili unanielekeza," Muuguzi alisema taratibu, "na hujui breki ni ipi?"

"Ya katikati. Nadhani."

"Shuka."

"Ningesema sijui, ungenikubali nikae—"

"Shuka kwenye gari langu."

Akashuka, mlango ukabamizwa, gari likaondoka. Hasira ndiyo iliyokanyaga mafuta. Gia ya pili, ya tatu, kona, taa za barabarani. "Na uso mkavu ananiambia hujafika huko," akafoka, akageuka kumtazama.

Kiti kitupu.

Mbele kulikuwa na mzunguko mkubwa, barabara tano zinamwaga magari ndani yake, na nyuma lori la mafuta limemganda. Hapakuwa na pa kusimama. Akapeleka mkono wa kulia kuutafuta mkono wa Kinyozi, akagusa kitambaa cha kiti.

"Kaa kulia," alisikia mtu akisema. Sauti ilikuwa yake mwenyewe.

Akaingia. Alizunguka mara tatu kwa kuogopa kutoka. Ya nne akatoka, akaingia kituo cha mafuta, akazima gari na kuegemeza kichwa kwenye usukani.

Ndipo lilipomjia: siku zote zile, aliyejua kuendesha ndani ya gari hili alikuwa mmoja tu. Hakufurahi. Hofu ya wiki mbili ilimwangukia kwa mpigo. Akapiga simu.

"Uko wapi?"

"Pale pale uliponimwaga."

"Ningetuua."

"Najua. Kila siku nilipanda huku nasali. Unadhani kwa nini nilikuwa naongea sana?"

"Sasa ulikuwa unarudi kufanya nini?"

"Kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa humo," akasema.

Muuguzi akageuza gari, akaupita ule mzunguko kwa duru moja, meno yameumana. Alipomfikia alishusha kioo kidogo tu. Kinyozi akashika kitasa, mlango umefungwa.

"Nimekusamehe. Lakini hupandi."

"Msamaha gani huu wa dirishani?"

"Nikikupakia sasa, kesho asubuhi naanza upya. Acha nifike nyumbani hivi hivi ninavyoogopa. Panda basi lako."

"Na ukipotea?"

"Nitauliza wenye leseni."

Alifika. Hakuna aliyempigia makofi. Jirani alikuwa anaanua nguo tu. Muuguzi alizima gari mbele ya nyumba anayopanga, akabaki humo humo kwanza. Akapiga simu tena.

"Nimefika."

"Lini?"

"Kama dakika kumi. Bado nimekaa garini."

"Nashuka kituo kinachofuata. Nije?"

"Njoo. Gari nimelizima, sasa unaweza kukaa mbele."

"Nikikaa safari hii, nikae mpaka lini?"

Muuguzi akajifungua mkanda.

"Wewe njoo ukae kwanza," akasema, akainama na kuufungua mlango wa pembeni, ingawa mtaani hakukuwa na mtu bado.