Mgeni wa Notburga

Sogeeni karibu na jiko, wanangu. Aliye mlangoni aingie, mwenye simu aizime, mwenye kikohozi akohoe sasa amalize. Halafu kimya. Jambo hili halipendi kutajwa mbele ya watu wanaocheka.

Nyumbani kwa Notburga pale Msamala, nyuma ya mashine ya kusaga, palianza kunuka damu mbichi. Damu ya machinjioni, mchana kweupe, na siku hiyo wamepika majani ya maboga. Mumewe Edmund akachungulia chini ya kitanda, akachungulia darini. Hakuna kitu. Alipogusa kiti chake, kikawa cha moto, kama mtu ameinuka sasa hivi.

"Mama Renatha, nani alikaa hapa?"

"Akae nani, baba? Si wewe na mimi na mtoto tu?"

Notburga alikuwa ametoka kuhiji Roma na akina mama wa parokia. Waliliona kanisa la Mtakatifu Petro, wakaiona ile chemchemi ya kutupia sarafu, wakapiga picha mpaka simu zikazimika. Mwisho wakapelekwa kwenye lile boma la mawe la duara, Koloseo, ambako zamani watu walichinjana na kuliwa na simba huku wengine wamekaa wanashangilia. Wenzake wakapita. Yeye akasimama mbele ya tundu jeusi chini ya ukuta, maana alisikia kama mtu anapumua mle ndani. Na sisi hatuondoki mlangoni kwa mtu bila neno. Akapiga goti kidogo. "Haya, sisi tunarudi. Karibuni na kwetu. Songea, Msamala, nyuma ya mashine ya kusaga."

Dada yake Aurelia alicheka hadi akashika ukuta. "We Notburga, unaaga shimo?"

"Shimo lina wenyewe."

Basi, aliyekaribishwa alikuja.

Edmund alikikalia kiti kile kwa ubishi. "Kiti ni changu!" Kabla hajamega tonge akainuliwa, akabamizwa ukutani, na mkono ukavunjika kwa mlio uliosikika mpaka mashineni. Mbwa aliyekimbilia ndani kubweka alichanwa katikati kama kitambaa, kuanzia mdomoni.

Kesho yake, saa ya chakula, binti yao Renatha akiwa anapakua ugali, kitu kikamshika nywele, kikamburuta uani kwenye jua kali, kikampigiza kichwa kwenye kizingiti, kikamng'ata bega, majirani wakaona nyama inachimbika na mdomo hawauoni, na kila aliyemvuta akatupwa huko, na mtoto akilia mama, mama, mpaka katika kinywa chake hicho hicho ikatoka sauti nzito ya mwanaume: "Mgeni halishwi majani."

Akaitwa Mzee Chande, mtu wa Tunduru, ajuaye kusema na majini. Notburga alimpokea kwa magoti.

"Shikamoo, mzee wangu. Mwanangu anaisha."

"Marahaba. Niacheni naye."

Akasoma, akafukiza. Chetezo kikampasukia usoni, jicho moja likajaa damu. Hakuondoka. "Nani wewe?" akanong'ona.

"Mgeni," kikasema kinywa cha Renatha. "Nilikaribishwa, nikaelekezwa mpaka mlango. Kwetu nilikuwa nalishwa watu. Huyu nammaliza leo."

Chande akafuta jicho kwa kanzu. "Mama, huyu siwezi kumfukuza. Umemwita kwa heshima. Mgeni wa hivyo husindikizwa, na wa kumsindikiza ni aliyemkaribisha."

"Mpaka wapi, mzee?"

"Mpaka yeye mwenyewe aseme, basi, rudi."

"Na asiposema?"

Mzee akaanza kuokota vipande vya chetezo.

"Usiende, mama Renatha," Edmund alinong'ona, mkono umening'inia kwenye kitambaa. Notburga alimtazama mtoto, mfupa wa bega umeshaanza kuonekana. Akajifunga kitenge, akasimama mbele ya kiti kitupu.

"Mgeni wetu, twende nikusindikize. Lete mzigo nikubebee."

Bega lake la kulia likashuka ghafla, kama amepokea gunia. Palepale Renatha akanyamaza, akaomba maji. Notburga akatoka, akashika barabara ya Njombe, na kando yake kwenye lami zikawa zinajichora nyayo kubwa za damu, moja, nyingine, na yeye amepinda kwa uzito, anauliza kwa upole, "Na huko nyumbani hawajambo?"

Hakurudi. Matanga yakakaliwa bila kaburi, mali ikagawanywa. Cherehani alipewa Renatha, anashona kwa mkono mmoja. Masufuria akachukua Aurelia. Shamba la mahindi kule Peramiho likaenda kwa mdogo wao Aidan. Edmund alipata viatu vya mkewe. Dereva wa lori alivikuta mbele ya Madaba, vimesimama kando ya barabara, soli zimelika zote, ndani vimejaa damu. Kila siku Edmund anavianika juani. Havijakauka.