Wahani wa Nakijwa

Mhani aliingia uani kwa mwendo wa mtu aliyefiwa: taratibu, kichwa chini, mikono ameifumbata mbele. Mwendo huo ulikuwa umewatoa mafundi jasho. Alipomfikia mjane aliyeketi mkekani, roboti huyo alipiga magoti, akamshika mkono, na kwenye kioo cha kifuani ukatokea uso wa Nakijwa Mrutu, ukitokwa na machozi ya kweli.

"Mama mkubwa, pole. Baba ametuacha."

"Ahsante, mwanangu. Umefika," alijibu Mama Navoneiwa.

Mwenyewe Nakijwa alikuwa Oslo, jikoni kwake, amevaa glavu za kumwongozea mhani na soksi za sufu. Biashara yake ilikuwa rahisi, ya mtandaoni tu. Mtu wa ughaibuni akifiwa, anaagiza mhani kwa simu. Mhani anatoka ghalani Same na kwenda kuhani kwa niaba yake. Anatoa pole kwa sauti ya aliyemtuma, anakaa na wafiwa, anatupa konzi ya udongo kaburini. Wahenga walisema kufa kufaana. Nakijwa alifaidika na vifo vya watu bila kukosa usingizi, na wateja wake walimwombea baraka.

Safari hii msiba ulikuwa wake. Baba mkubwa Senkondo ndiye aliyemlea na kumsomesha. Nakijwa alikuwa ametazama safari za ndege, kisha akaziacha. Kulikuwa na theluji, kulikuwa na kazi, na ndugu wengine si wangekuwapo?

Walikuwapo kweli, vifuani mwa wahani. Elineema alikuwa Dubai, Mbazi Houston, na binamu wengine kila mmoja na nchi yake. Nakijwa mwenyewe ndiye aliyewashawishi kwenye kundi la ukoo waagize wahani, na kila mmoja alidhani mwenzake amepanda ndege.

Sala ikaisha. Kaburi lilikuwa chini migombani, kwenye mteremko usiopitika kwa gari. Mzee Kigono, jirani aliyelichimba pamoja na wazee wenzake tangu alfajiri, alisimama akaita, "Haya vijana, jeneza!"

Vijana wakatazamana, kioo kwa kioo.

"Dada Nakijwa," Elineema alinong'ona kutoka kifuani mwa mhani wake, "waambie wabebe."

"Hawawezi."

"Hawawezi vipi?"

Mkono wa mhani uliundwa kwa ajili ya kupeana mkono. Ulikuwa na joto, ngozi laini, hata kutetemeka kidogo kwa huzuni. Lakini ukiupa kitu kizito kuliko sufuria ya chai, viungo vinakatika. Nakijwa ndiye aliyewaambia mafundi waache nguvu, waweke joto. Machozi ndiyo yanayouzika, aliwaambia.

"Mzee," Nakijwa alisema, "hawa hawaruhusiwi kubeba mzigo."

"Mzigo?" Mzee Kigono aligeuka. "Senkondo ndiye mzigo?"

"Sikumaanisha hivyo, Mzee. Naomba radhi."

"Fimbo ya mbali haiui nyoka, binti. Sogea, tupishe."

Nakijwa aliona aibu hadi akatamani ardhi ipasuke immeze. Sakafu ya Oslo haikupasuka. Aliwatazama wazee wakijikongoja kulizunguka jeneza, magoti yakilia, na wanawake wawili wakijifunga kanga kiunoni ili wawasaidie. Pembe moja ilibaki bila mtu.

Mama Navoneiwa akainuka mkekani. Kwao mjane hainuki. Hukaa, akashikwa, akaliliwa.

"Mama mkubwa, hapana!" Nakijwa alipiga kelele, na majirani wote wakageukia kile kioo. "Keti, nakuomba! Nakuja! Nakata tiketi sasa hivi!"

"Uje umkute wapi?" aliuliza mjane, bila hasira.

Mvua ilikuwa imenyesha na njia ilikuwa na utelezi. Akavua viatu vyake, akaviweka kwenye viganja vya mhani, vile vyenye joto.

"Nishikie viatu, mwanangu. Hivyo ni vyepesi."

Jeneza liliinuka, likayumba, likashika njia ya migombani. Wahani walibaki uani, nyuso zao zimeinama. Na kule jikoni, Nakijwa alisimama amenyoosha mikono mitupu, akiogopa kuishusha, viatu visije vikaanguka.